Mtu Aliyeharibu Picha Yangu

Kwa miaka hamsini nilikaa na kinyongo dhidi ya mtu ambaye sikumjua hata jina. Nasema kinyongo cha kweli, si kile kinachoisha baada ya kikombe cha chai. Kila nilipokuwa nikinyoa ndevu na kuikumbuka ile Jumamosi ya Agosti 1968, mkono ulinitetemeka nikajikata kidevu. Mke wangu, Hilda, husema mtu yule amenitoa damu nyingi kuliko hospitali zote za Lancashire, huku kwetu Uingereza.

Asiyewahi kusimama kando ya reli, kamera shingoni na mvua ikimwingia kwenye viatu, atasema mzee huyu ana wazimu. Labda ninao. Lakini sisi wa Chama cha Mvuke cha Aldersyke, wapenzi wa treni za mvuke, tulikuwa na sheria zetu za kupiga picha, na tulizishika kuliko wengine walivyoshika dini. Jua liwe mgongoni mwako. Picha isikatwe hata ukucha: ulichokiona kwenye kamera ndicho utakachoonyesha, na kama kimekushinda, nyamaza. Ya tatu ndiyo kubwa kuliko zote: watu watoke. Treni ikija hatukutaka bibi mwenye kikapu, hatukutaka mkuu wa stesheni akijikuna, hatukutaka hata mbwa. Tulikuwa tukipiga kelele "Tokeni hapo!" kutoka Carlisle hadi Crewe, na watu walitoka. Injini za mvuke zilikuwa zinapelekwa kukatwakatwa kuwa vyuma chakavu, wiki hii tano, wiki ijayo kumi. Nani alikuwa na muda wa watu? Watu tuliona watakuwepo tu siku zote.

Mwaka wa 2018, Jumanne moja ya mwezi wa Juni, tulikuwa kwenye ukumbi wa kanisa la Wamethodisti kama kawaida yetu. Norris Duckworth, mtunza kumbukumbu wetu, alikuwa ametandaza madaftari yake mezani. Norris ni rafiki yangu tangu tukiwa na miaka kumi na minne, na hatujawahi kukubaliana hata siku moja. Hilda alikuwa jikoni akimimina chai. Mlango ukafunguliwa, akaingia mwanamke mwenye koti la mvua la kijani, nywele zimelowa, akasimama kama mtu aliyekosea nyumba.

"Samahani," akasema. "Namtafuta baba yangu."

Norris akashika kalamu. "Alikuwa injini namba ngapi?"

"Norris!" Hilda akafoka kutoka jikoni. "Mwache mtu avue koti kwanza! Njoo mama, kaa hapa. Hawa usiwajali, wamelelewa na vichwa vya treni."

Jina lake lilikuwa Gillian Haydock. Baba yake, Derek Haydock, alikuwa mtia makaa, yule kijana anayesimama nyuma ya dereva na beleshi, akiulisha moto wa injini siku nzima. Alifariki kwa ajali ya pikipiki barabarani penye barafu, Januari 1970, Gillian akiwa hajatimiza hata mwaka mmoja na nusu. Picha za nyumbani ziliharibika zote mwaka wa 1979, bomba la maji lilipopasuka kwa baridi na albamu zikageuka uji. Ilibaki moja tu, ya harusi.

Akaitoa kwenye mkoba, akatuonyesha. Kijana mwenye suti, bega kwa bega na bibi harusi, kashtushwa na mwanga wa kamera na amefumba macho.

"Hii ndiyo yote niliyo nayo," Gillian akasema. "Mwezi wa Agosti natimiza miaka hamsini na sijawahi kuona macho ya baba yangu. Nimesikia nyinyi mlipiga picha za treni zote za huku. Nikasema labda, kwa bahati, kuna mahali alichungulia dirishani."

"Picha tunazo elfu kumi na moja na mia nne," Norris akasema kwa majivuno. "Hatukosi."

"Mungu akubariki, mzee. Maana huyo baba nimelelewa nikimsikia vibaya." Akacheka kidogo, kicheko cha mtu anayejikaza. "Bibi yangu mzaa mama alikuwa akisema baba alitaka mvulana. Siku niliyozaliwa hakuja hata hospitali, alikwenda kwenye treni yake. 'Baba yako alichagua injini,' ndivyo alivyokuwa akiniambia kila nikikosea. Mama hakupenda kumzungumzia, alikuwa akilia tu. Naye tumemzika majira ya baridi yaliyopita."

Hilda akamwekea biskuti mbili, kisha akaongeza ya tatu.

Tukaanza kazi. Nawaambia, sijawahi kuona aibu inamwingia mtu polepole namna ile. Tulikuwa na kila kitu. Madaftari arobaini ya Norris yalikuwa na namba ya kila injini, saa, dakika, upepo ulivuma kutoka wapi, na siku nyingine hata alichokula: mkate wa jibini na achari, mkate wa jibini bila achari. Jina la dereva hakuna. Jina la mtia makaa hakuna. Tukapitia picha sanduku baada ya sanduku, injini zimeng'aa, moshi umepanda vizuri, na mahali pa kukaa watu pana giza kama pango. Mtu angedhani zile treni zilikuwa zikijiendesha zenyewe.

Jumanne ya pili Norris aliruka kitini. "Nimempata mtu!"

Tukakimbilia pale. Kilikuwa kiwiko. Kiwiko kimoja, kimetoka dirishani, karibu na stesheni yetu, mwaka wa 1967.

"Huyo ni dereva," nikasema. "Dereva hukaa kushoto."

"Treni inarudi kinyumenyume, Clifford! Kushoto kwako ni kulia kwake. Wewe miaka yote hujui kushoto kwako?"

"Najua kushoto kwangu kuliko wewe unavyojua kufunga vifungo vya sweta lako."

Tulibishana robo saa nzima juu ya kiwiko. Norris akatoa kioo cha kukuzia na rula. Gillian akakiangalia, akasema kwa upole, "Ni kiwiko kizuri." Nilitamani nirudi nyuma, nisimame kando ya ile reli na kupiga kelele, chungulieni, jamani, chungulieni hata mmoja!

Jumanne ya tatu Gillian alikuja na kisanduku cha bati, kile cha chakula cha mchana cha wafanyakazi wa reli. Alikikuta kwenye dari ya nyumba ya mama yake. Ndani mlikuwa na kikaratasi cha zamu, kimegeuka manjano.

"Nimezaliwa Jumamosi, tarehe tatu Agosti, saa tano asubuhi," akasema. "Na karatasi hii ni ya siku hiyo hiyo. Kwa hiyo Bibi hakudanganya. Alikuwa kazini kweli."

Norris akasoma kwa sauti. "Treni ya saa nane na dakika kumi mchana. Injini..." Akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena. "Ni Tisini na Moja."

Ukumbi mzima ukageuka kutazama ukutani, na mimi nikatazama viatu vyangu.

Ukutani ilikuwepo picha yangu. Si picha tu: ile Picha. Tisini na Moja, kama tulivyoiita kwa tarakimu zake za mwisho, imesimama chini ya daraja la mawe siku ya mwisho ya mvuke, mwanga umechoma mawingu na kuiangukia usoni, mvuke mweupe umeizunguka, na hakuna binadamu hata mmoja. Niliipa jina la Buriani. Ilinipatia kikombe cha chama mwaka ule, ikaingia kwenye kalenda, kwenye vitambaa vya kufutia vyombo na kwenye makopo ya biskuti. Hata biskuti alizokuwa akila Gillian zilitoka kwenye kopo lenye picha yangu.

"Ndiyo hii!" mtu akasema. "Clifford alikuwepo! Wewe na Norris mlikuwepo!"

"Mimi nilikuwa nabadilisha filamu," Norris akasema kwa uchungu uleule wa miaka yote. "Sekunde kumi tu. Clifford akapata, mimi nikakosa."

Gillian alikuwa amesogea hadi ukutani, pua karibu iguse kioo. "Kwa hiyo yumo humu ndani? Nyuma ya huu mvuke?"

"Haonekani, mama," nikasema. "Pole sana."

Ndivyo nilivyosema. Mzee mzima wa miaka sabini na minne, nimemtazama yatima usoni nikasema haonekani.

Basi sikilizeni ilivyokuwa. Siku ile treni ilizuiwa na ishara pale darajani. Sheria ya reli ilikuwa kwamba treni ikizuiwa, mtia makaa anashuka, anakwenda kwa miguu hadi kwenye kibanda cha ishara, anamkumbusha mwenye kibanda kwamba treni yao imesimama pale, anatia sahihi kwenye daftari, ndipo anarudi. Mtia makaa wa Tisini na Moja akaenda. Tulikuwa wapiga picha kama ishirini tumejipanga kando ya reli, tukiomba wingu lisogee kabla hajarudi. Wingu halikusogea. Likasubiri hadi yule kijana ametokea anakimbia, kofia mkononi, akaparamia injini, akachukua beleshi lake, akaandika kitu juu yake kwa chaki, kisha akaruka chini na kusimama mbele kabisa, kushoto kwa injini, beleshi juu ya kichwa. Siku zile kila mtu alikuwa akiandika kwa chaki kwenye kila kitu, buriani hapa, kwaheri pale, kwa hiyo sikuhangaika kusoma. Jua likatoka. Wenzangu walishusha kamera kwa hasira, lakini mimi nilikuwa na nafasi moja tu kwenye filamu, na jua lilikaa sekunde nne. Nikapiga, huku nikimtukana.

Nyumbani nikaisafisha picha kwenye karatasi, nikachukua mkasi nikamkata. Niliipiga picha upya hiyo iliyokatwa, na tangu hapo nakala zote zikatoka kwenye hiyo ya pili. Ile filamu ya kwanza sikuitazama tena. Hasira ilikuwa inanitosha bila kuitazama.

Jioni ile Hilda akaweka viazi mezani, akanikodolea macho. "Umemeza nini? Toka ukumbini hujamsema vibaya mtu hata mmoja. Unaumwa?"

"Sina kitu."

"Ni yule mtu uliyemkata?"

Uma ukaniponyoka. "Nani kakwambia nilikata mtu?"

"Clifford, tulikuwa na miezi minne ya ndoa. Uliligeuza bafu letu moja kuwa chumba cha giza. Mimi nilikuwa nimesimama mlangoni nimebana miguu, nakusikia humo ndani na mkasi wako, kacha, kacha, na matusi. Ulifikiri nilidhani unakata kucha?"

"Na miaka yote hii hukusema?"

"Ningesema ili iwe nini? Ulikuwa na furaha na kikombe chako. Mimi nakitumia kuwekea vitunguu, hakijanidhuru." Kisha akaacha utani. Akanishika mkono, jambo ambalo halifanyi wakati wa kula. "Lakini leo nimekusikia ukimwambia yule binti haonekani. Yeye anatafuta macho ya baba yake, mume wangu. Wewe unalinda kopo la biskuti."

Sikula viazi.

Jumamosi mchana tukafunika madirisha ya jiko la ukumbi kwa mablanketi. Nilikuwa nimemwomba Norris alete mashine yake ya zamani ya kusafishia picha, maana yangu niliitupa, na nilimwalika Gillian bila kumwambia sababu. Tulikuwa wanne tu, Hilda amekalia gunia la viazi vya sherehe ya kanisa. Nikatoa kipande cha ile filamu ya kwanza kwenye bahasha. 

"Kabla hatujaanza nina neno," nikasema. "Ile picha ya ukutani niliikata. Nilivunja sheria ya chama, nikachukua kikombe, nikadanganya miaka hamsini. Kushoto palikuwa na mtu."

Nilimwangalia Norris, nikingojea radi. Yeye ndiye aliyekuwa wa pili kwenye kikombe mwaka ule, kwa picha nyingine.

"Nilijua," Norris akasema.

"Ulijua nini?"

"Picha yako ni nyembamba. Kamera yako haitoi picha nyembamba hivyo. Niliipima kwa rula mwaka wa 1969."

"Mbona hukusema, wewe mtu?"

"Ningesema, ungejiuzulu kwa hasira. Na Jumanne ningekuwa nabishana na nani?" Akajifanya anashughulika na taa nyekundu. "Haya, weka filamu. Unatupotezea siku."

Nilikuwa naogopa kumtazama Gillian. "Unamaanisha baba yangu ndiye uliyemkata?" akauliza.

"Sijui kama ni baba yako. Lakini ni mtia makaa wa Tisini na Moja, siku ile, treni ile. Kama karatasi yako ni ya kweli, ni yeye."

Nikaangazia karatasi, nikahesabu sekunde, nikaitia kwenye sinia la dawa. Nikampa Gillian ncha ya sinia. "Litikise polepole. Kama unambembeleza mtoto."

Kwenye dawa, vyeusi hutangulia. Kwanza ikaja injini, kutoka penye karatasi tupu, kifua chake na magurudumu. Likaja daraja. Halafu upande wa kushoto, ambao macho yangu yalikuwa hayajauona tangu nikiwa kijana, likaja beleshi, jeusi tii, na juu yake herufi nyeupe za chaki zimebanana.

Hilda alikuwa ameinama begani kwa Gillian. Ndiye aliyesoma kwa sauti. "'Ni msichana. Ratili saba. Kama mama yake.'"

Norris ndiye aliyepata akili kwanza, maana akili yake iko kwenye ratiba. "Kibanda cha ishara," akasema. "Hospitali ilipiga simu stesheni, stesheni ikapiga kibandani. Alipokwenda kutia sahihi, ndipo alipoambiwa. Ndiyo maana alirudi anakimbia! Mtia makaa hakimbii kurudi, Clifford, hajawahi kukimbia hata mmoja."

Na chini ya beleshi ukawa unakuja uso. Umejaa masizi, mweusi kama kila kitu kingine siku ile, isipokuwa meno yote nje na macho mawili makubwa, meupe, wazi kabisa, yanatazama moja kwa moja kwenye kamera yangu.

Gillian aliacha kutikisa sinia. Alitazama hadi nikaogopa picha itaungua kwa dawa, nikaitoa taratibu na kuihamishia kwenye maji. Akaifuata.

"Ana macho yangu," akasema. "Tazama, Hilda. Hata lile la kushoto lililolegea. Maisha yangu yote nimelichukia hili jicho."

Halafu akanigeukia. Nilijua analotaka kuuliza, na nikaamua nimwambie lote, nisibakize.

"Alikuwa karibu na wewe?"

"Hatua kumi na tano."

"Alisema nini?"

"Alikuwa anapiga kelele, lakini mvuke ulikuwa unalia, sikusikia. Mimi nilikuwa nampigia kelele pia." "Nilimwambia atoke. Nilimtukana, Gillian. Nilimwambia, toka kwenye picha yangu, mpumbavu wewe. Wote tulimwambia. Watu ishirini."

"Na yeye?"

"Hakutoka. Kadiri tulivyopiga kelele ndivyo alivyozidi kuliinua beleshi. Dereva alimpigia honi, hakutoka. Ishara ilishuka, njia ikafunguka, bado amesimama pale pale anacheka."

Gillian akaziba mdomo kwa mikono miwili. Nilidhani analia, na kweli alikuwa analia, lakini kicheko kilimponyoka katikati ya vidole, kikubwa, cha mtu asiyejikaza tena.

"Hakutoka," akasema.

"Alikataa katakata."

Buriani imeshushwa ukutani. Iliyopo sasa ni ile pana, nzima, na wenzangu wameniacha na kikombe kwa sharti kwamba kiendelee kuwekewa vitunguu. Norris amelifungua daftari la mwaka 1968 kwenye tarehe tatu Agosti, ambapo palikuwa na namba ya injini, saa, upepo wa magharibi na mkate wa jibini, akanipa kalamu bila kubishana. Nikaandika pembeni, kwa mwandiko wangu mzuri: Mtia makaa, Derek Haydock. Amepata msichana.